Mashine Isiyo na Kifua

Dada yangu anajua mengi kuliko anayoyasema, na mimi nasema mengi kuliko ninayoyajua. Tumezaliwa tumbo moja, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho, na nadhani kifua chote cha ukoo alikichukua yeye, mimi nikaachiwa mdomo. Ukinipa siri asubuhi, kabla ya saa sita jirani yangu wa kushoto anayo, na wa kulia ananinunia kwamba nimemchelewesha. Sijisifu. Nasema tu ili mjue ni nani anayewasimulia.

Mimi ni seremala. Najenga nyumba za tamthilia za televisheni: sebule zenye kuta tatu, milango isiyokwenda popote, ngazi za hatua saba zinazoishia hewani. Karakana yangu iko nyuma ya ghala ambalo zamani lilikuwa la magodoro na sasa ndiyo studio. Dada anafanya kazi ndani ya ghala hilohilo, hatua kama arobaini kutoka kwenye randa yangu, na cheo chake ni mtunza mwendelezo. Wengi hawaijui kazi hiyo, na wachache wanaoijua hudhani ni kazi ya kukaa kwenye kiti na kutazama watu. Wakisema hivyo mbele yangu huwa nawajibu vibaya.

Tamthilia hairekodiwi kwa mfuatano unaouona kwenye televisheni. Mtu anafungua mlango Jumatatu, anaingia chumbani Alhamisi, na machozi anayolia baada ya kuingia yalisharekodiwa wiki iliyopita. Lazima awepo mtu mmoja anayekumbuka kwamba wakati wa kufungua mlango mkoba ulikuwa bega la kulia, kifungo cha pili kilikuwa wazi, na chai ilikuwa imebaki nusu kikombe. Mtu huyo ni dada yangu. Asipokuwepo, chai hujaa yenyewe na watu nyumbani wanacheka.

Studio nzima inamwita Dada, hata mwongozaji ambaye ana wajukuu. Kosa ni langu. Miaka kumi na sita iliyopita nilimleta kushona mapazia ya sebule niliyokuwa nimeijenga, nikawa namwita kutoka juu ya ngazi, "Dada, nishikie hapa! Dada, nirushie futi!" Watu wakadhani ndilo jina lake. Siku hiyohiyo mwongozaji alitangaza kwamba onyesho limekubalika, watu wakaanza kuzima taa. Dada alikuwa ameshika pini kwa midomo. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye pazia, akasema, "Samahani, baba. Huyu mtoto ametoka kwao vifungo vyote vimefungwa, amefika kwa jirani viwili viko wazi. Na jirani ni mlango wa pili tu. Joto limemkuta wapi?"

Mimi kule juu nilitamani ngazi initupe. Wakarudia onyesho, na kesho yake wakamwambia aache mapazia, aje akae kando ya kamera na daftari. Huyo ni mtu aliyeacha shule darasa la saba ili mimi niende kujifunza ufundi. Hana cheti hata cha ushonaji. Ana macho.

Tangu siku ile amejaza madaftari thelathini na moja yenye jalada gumu. Nilimtengenezea kabati lenye kufuli la kuyawekea, na kiti cha kukunja chenye droo ndogo ya penseli chini ya kalio. Kila ukurasa ameupiga rula: safu ya mavazi, safu ya mikono, safu ya vitu, safu ya saa. Ya mwisho kabisa, pembeni, ni safu aliyoibuni mwenyewe bila kufundishwa na mtu, na juu yake ameandika: Nani anajua nini mpaka hapa.

Kwa muda mrefu nilikuwa naicheka safu hiyo. Siku moja akanieleza. Tuseme katika onyesho la kumi na mbili mke bado hajui kwamba mumewe amefukuzwa kazi. Lakini mwigizaji wa kike ameshasoma muswada mpaka mwisho, anajua. Sasa anamtazama mume kwa huruma, wakati huruma hiyo haijafika zamu yake. "Mwigizaji anajua," Dada alisema, "ila yule anayemwigiza hajui. Mimi kazi yangu ni kumkumbusha asijue."

Na kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kunisimulia kinachokuja. Tamthilia tuliyokuwa tukiitengeneza ilikuwa na sehemu hamsini na mbili, inaoneshwa mara mbili kwa wiki, na mtaa wetu ulikuwa umeshagombana kwa ajili yake. Ni familia moja, nyumba moja, na kila Alhamisi barua isiyo na jina inapitishwa chini ya mlango. Barua hizo zinajua mambo ya chumbani ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Nani anaziandika? Wengi walisema ni mjomba aliyetoroka na hati ya nyumba. Mlango ule niliujenga mimi, uwazi wa kupitishia barua niliupima mimi kwa mkono wangu, na sikujua. Nilimuuliza Dada, nikambembeleza, nikamnunia wiki nzima.

"Wewe huna kifua," aliniambia. "Nikikuambia wewe nimetangaza redioni."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi mashine ilipokuja.

Mtayarishaji wetu ni mama wa haraka haraka, ana simu mbili na mara nyingi kalamu tatu zimesahaulika kwenye nywele zake. Alitukusanya kwenye sebule yangu ya kuta tatu, akatangaza kwamba kampuni imeleta mfumo wa akili bandia. Utasoma miswada na kutoa orodha ya vitu vya kila siku. Utapanga ratiba. Utatazama picha na kuona kama kikombe kimehama. Utatafsiri mazungumzo yote na kuyaandika chini ya skrini, ili tamthilia iuzwe nje. Watu wakacheka hiyo bandia, mtu akauliza kama inatolewa usiku na kuwekwa kwenye glasi ya maji. Mimi sikucheka sana. Mtu anayejenga kuta za plaiwudi na kuzipaka rangi ya matofali hana haki ya kucheka bandia.

Kisha akamvuta Dada pembeni. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni na nyundo mkononi, na plaiwudi ya nusu inchi haizuii sauti.

"Dada, wewe ndiye utakayeifundisha. Ipe madaftari yako yote. Msimu huu ukiisha tutaagana vizuri, nakuahidi. Hata sherehe ndogo tutakufanyia."

"Nimeelewa," Dada akasema.

Basi. Miaka kumi na sita, na jibu lake ni nimeelewa. Nilimfuata mchana kwenye kiti chake nikiwa nimevimba kama andazi. "Yaani unamfundisha mke mwenzio kupika, tena kwa sufuria yako?"

Alikuwa anachonga penseli. "Kama itanishinda, nataka inishinde nikiwa nimeifundisha vizuri. Sitaki ije ikosee halafu waseme ilifundishwa na mimi."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Nitarudi kwenye mapazia," akasema, lakini penseli ilimvunjikia mkononi, na Dada havunji penseli. Nikajua inamuuma. Nikaichukia mashine kabla sijaiona.

Aliyekuja nayo alikuwa binti mpole mwenye miwani mikubwa, tukamwita Injinia. Akamwita Dada "Mama" kuanzia saa ya kwanza, kwa hiyo nikashindwa kumchukia yeye pia. Walipewa chumba kidogo chenye kiyoyozi, na wiki haikuisha kabla mashine haijatuvunja mbavu.

Siku hiyo kulikuwa na onyesho la kikao cha familia. Muswada ulisema: Wifi yuko kona, kimya, birika mkononi. Wifi huyo ni dada wa mwenye nyumba, mama mwenye nyumba humwita hivyo tamthilia nzima, na ni mtu asiyesema sana, kazi yake kumiminia watu chai. Mashine ikasoma, ikatoa orodha ya vitu: viti sita, meza moja, birika moja, wifi moja, kona. Mtunza vitu wetu ni mtu anayeitii karatasi kuliko anavyoitii njaa. Alikwenda ofisini akachomoa kile kisanduku cha intaneti, akakileta, akakiweka kwenye kigoda kona ya sebule, na birika kando yake.

Mwongozaji akaingia. "Hii ni nini?"

"Wifi, mzee. Imeandikwa iwe kona, kimya. Nimeizima ndiyo iwe kimya."

Wakati huohuo mwigizaji wa nafasi ya wifi akaingia, amevaa, amepakwa poda, akakuta mahali pake pamekaliwa. Akakitazama kile kisanduku kutoka juu hadi chini. "Basi mimi nirudi nyumbani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mhasibu akatoka ofisini kuuliza nani kazima intaneti, tukacheka upya. Dada peke yake hakucheka. Alimchukua Injinia, wakajifungia mchana kutwa, akaifundisha mashine wifi ni nani, shemeji ni nani, mkwe ni nani, nani akimwita nani hivyo na nani hawezi. "Kwetu haitoshi mtu kuwa na jina," nilimsikia akisema. "Lazima awe nani wa nani." Wiki iliyofuata mashine ilichora ukoo mzima wa tamthilia, mpaka mabinamu waliotajwa mara moja tu, bila kosa hata moja. Nilitegemea ingekuwa nzito zaidi kichwani. Ilinikera kwamba imeelewa upesi.

Yakafuata madaftari. Kila ukurasa ulipigwa picha, na hakuna aliyeruhusiwa kufunua ila Dada mwenyewe. Ilichukua majuma sita. Siku za mwanzo Injinia aliigusa ile safu ya pembeni kwa kidole. "Hii ya nani anajua nini, Mama, mfumo hauihitaji. Umeshasoma miswada yote. Unajua kila kitu."

"Kila kitu? Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Dada akalifunga daftari. "Haya," akasema. Wakaiacha safu hiyo nje, na kila picha ikakatwa pembeni.

Tamthilia ilipofika sehemu ya thelathini hewani, kituo cha televisheni cha nchi ya mbali kikasema kingependa kuinunua. Wageni wangefika Ijumaa kutazama sehemu tatu za kwanza zikiwa na tafsiri chini ya skrini. Mashine ikatafsiri sehemu zote hamsini na mbili kwa siku moja. Mtayarishaji alitembea ghala zima akipiga makofi.

Jumatano asubuhi niliitwa chumba cha mashine kwa sababu meza yao ilikuwa inacheza. Nikaingia chini yake, nikaanza kupima mguu mfupi. Injinia alikuwa kwenye kiti, mtayarishaji amesimama nyuma yake, mguu wake mmoja ukidunda kwa furaha. Mlango ukafunguka, nikaona viatu vya Dada. Alikuwa amebeba daftari la ishirini na tisa.

"Mwanangu," akamwambia Injinia, "nieleweshe kitu kimoja. Sisi tukisema 'yeye', hujui ni mwanamume au mwanamke. Hawa wageni lugha yao inasemaje?"

"Wao wana maneno mawili, Mama. La kiume na la kike. Lazima uchague moja."

"Sawa. Sehemu ya kwanza, mwenye nyumba anaokota barua, anasema, 'Yeye tena.' Hapo mashine imechagua lipi?"

Nikasikia vidole kwenye vitufe.

"La kike," Injinia akasema, sauti imeshuka.

"Sehemu ya pili?"

"La kike." Vidole vikaenda mbio. "Ya tatu pia. Kote, Mama. Kote imeandika la kike."

"Lakini si ndivyo ilivyo?" mtayarishaji akadakia. "Si mwandishi wa barua ni mwana—" Akajikata kauli. Ule mguu wake ukaacha kudunda.

Mimi nilikuwa nimeshaugonga utosi wangu kwenye meza. Ni mwanamke! Na katika nyumba ile, ni mwanamke gani anayesikia kila kitu, anayeingia kila chumba na birika lake, ambaye hakuna anayemwangalia? Nikaona yote kwa mara moja. Nikaona pia kilichokuwa kinatupata. Mashine haikukosea kwa ujinga. Ilikuwa imesoma mpaka sehemu ya mwisho, ikamjua mwandishi wa barua, ikaanza kumtaja kama mwanamke tangu mstari wa kwanza wa sehemu ya kwanza. Wageni wangekaa Ijumaa, na kabla hawajamaliza soda wangekuwa na jibu tulilolificha kwa sehemu hamsini na mbili.

"Haijakosea," Dada alisema. "Ina akili sana, na hakuna ilichodanganya. Tatizo lake haina kifua."

Ndipo mtayarishaji akainama. "Nani yuko chini ya meza?"

Nikatoka na mguu wa meza mkononi. Dada alinitazama, akafumba macho. "Kati ya watu wote wa dunia hii," akasema, "Mungu akamchagua mdogo wangu."

Mtayarishaji akataka niandikishwe karatasi ya kutunza siri, akataka aitwe mwanasheria, akataka nikae nyumbani kwa likizo. Dada akamzuia kwa kiganja. "Haandiki chochote. Hatasema." Alivyosema ilikuwa kama amesoma kwenye daftari lake. Hakuna aliyeshangaa pale ndani kuliko mimi.

Zilibaki siku mbili. Dada akafungua daftari, akaonesha ile safu waliyoikata. Kila mahali ambapo mtu wa barua alitajwa katika tamthilia nzima alikuwa ameweka alama ya penseli nyekundu: mahali mia mbili na kumi na nne. Injinia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, nilikwambia hii haihitajiki."

"Uliniambia."

"Nisamehe."

"Nisamehe mimi. Niliona inahitajika, nikasema 'haya' tu. Sasa tuipe hii mashine kifua."

Nilikaa pale kwa kisingizio cha mguu wa meza, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Injinia aliiingiza safu ile yote, kisha akaiamuru mashine itafsiri kila sehemu kana kwamba haijasoma inayofuata. Pale ambapo lugha ya wageni ililazimisha kuchagua, ikaambiwa igeuze sentensi: aliyeandika, mkono ule, mtu wa barua. Kwa kila mahali mashine ilitoa njia tatu. Injinia anamweleza Dada kwa Kiswahili, Dada anachagua.

"Hapana, hiyo inamficha mno. Ukificha sana watu wanauliza unaficha nini."

"Hii je?"

"Hiyo ndiyo. Anasema kama mtu aliyechoka tu."

Dada hajui maneno kumi ya lugha ile. Alikuwa akiisahihisha kwa kuijua ya kwake. Injinia alisema kazi hiyo kwa mkono ingechukua mwezi, na mashine ilikuwa inarudisha njia tatu kabla Dada hajageuza ukurasa. Nitakuwa mwongo nisiposema kwamba walipendezana, yeye na ile mashine, kama mafundi wawili wanaojua kupokezana mbao.

Na kuna hili, ambalo Dada mwenyewe amenitaka nisilifiche. Alhamisi mchana, ilipokuwa inasikiliza sauti zilizorekodiwa, mashine ilisimama sehemu ya thelathini na tatu na kuandika kwenye skrini: Hapa mwenye nyumba anasema "mwanamke huyo" kabla hajajua. Dada akasema haiwezekani. Wakasikiliza. Kweli, mwigizaji alikuwa amepandwa na hasira, akaacha muswada, likamtoka. Sehemu hiyo ingeoneshwa wiki iliyofuata, kwetu, kwa Kiswahili, na mtaa wote ungesikia. Dada akafunua daftari kutafuta tarehe. Ilikuwa ile siku moja katika miaka kumi na sita ambayo kiti chake kilikaa kitupu, kwa sababu alikuwa hospitali ameushika mkono wangu uliokuwa umekatwa na msumeno. Hakunitazama. Aliitazama skrini.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Mpaka leo hatujui alikuwa anamwambia Injinia au mashine.

Neno lile likarekodiwa upya. Ijumaa wageni wakaja, wakakalishwa kwenye makochi ya tamthilia yenyewe, ndani ya sebule yangu, wakatazama sehemu tatu. Zilipoisha hakuna aliyesimama. Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye mvi, alisema jambo, mkalimani akatafsiri: "Anasema ni mjomba. Anataka kujua kama amepatia."

Wote tukamtazama Dada. Uso wake ulikuwa kama ubao uliopigwa randa. "Mwambieni atazame," akasema. Wakanunua zote, hapohapo, kabla ya chakula cha mchana.

Sasa nikabaki mimi. Majuma kumi na moja! Majirani walikuja na viti vyao kibarazani kwangu kila baada ya sehemu kuoneshwa, kama kawaida, kuchota habari. Wa kushoto alisema ni mjomba. Wa kulia alisema ni mlinzi. Mke wangu alisema ni mjomba na mlinzi kwa pamoja. Nilimeza mate, nikang'ata ulimi, nikajidai nina misumari mdomoni hata nyumbani. Jirani wa kushoto aliuliza kama naumwa. Lakini kila nilipotaka kumwaga mtama nilimwona Dada ameinua kile kiganja, akisema hatasema, akiwa na hakika, na sikuwahi kuaminiwa hivyo na mtu aliyenijua vizuri. Sikusema.

Usiku wa mwisho tamthilia ilipomtoa yule wifi kwenye kona yake na barua mkononi, mtaa mzima ulipiga ukelele mmoja. Mtunza vitu wetu alinipigia simu kwa furaha. "Fundi! Mashine ilikuwa sahihi! Wifi ndiyo iliyokuwa inatuma ujumbe!"

Na msimu ukaisha, na ile ahadi ya kuagana vizuri ikawadia. Sherehe ndogo ilikuwepo kweli, keki na soda juu ya meza ya kikao cha familia. Asubuhi nilimwona Dada akitoa madaftari yake kabatini, akiyapanga kwenye boksi kwa namba. Nikaingia karakana, nikaupiga randa ubao ambao haukuhitaji randa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mtayarishaji, na hayakuwa mazuri.

Mlango ukafunguka, akaingia Dada na bahasha. Akafagia vumbi la mbao kwenye benchi kwa kiganja, akakaa.

"Nimepewa hii. Nisomee, sina miwani."

Niliifungua nikitegemea barua ya shukrani, zile zinazoanza na heshima na kuishia mlangoni. Ulikuwa mkataba. Miaka yote alipewa mikataba ya msimu kwa msimu, na kwenye nafasi ya cheo wakaandika "msaidizi, na kazi nyinginezo". Huu ulikuwa wa miaka mitatu. Nikaanza kusoma kwa sauti. Cheo: Mkuu wa Mwendelezo. Majukumu: ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu nani anajua nini mpaka hapa. Mfumo wa akili bandia hautatoa ratiba wala tafsiri yoyote bila idhini yake.

"Soma tena hapo juu," akasema.

"Mkuu wa Mwendelezo."

"Tena. Polepole."

Nikasoma tena polepole, neno kwa neno. Nilijivunia dada yangu kuliko kitu chochote nilichowahi kujenga. Nikainua macho nimwambie hivyo, na ndipo nikaiona miwani yake. Ilikuwa kichwani, imepandishwa juu ya nywele, mahali inapokaa siku zote. Na huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na sita hajapoteza kifungo cha mtu.

Nikafungua mdomo. Mnanijua mdomo wangu. Kisha nikaufunga, nikarudi kwenye karatasi, nikamsomea mara ya nne.